Kuwaachisha Ziwa Watoto wa Kifungo

Nyumbani
2 Aprili

Binti yangu,

Natumaini hujambo, wewe na hao watu unaowapikia huko kambini mlimani. Mimi sijambo. Mguu unauma kama kawaida yake, lakini sikuandikii kwa ajili ya mguu.

Usidhani pia nimeandika kwa kuwa nimekukumbuka. Tuliachana vibaya pale getini. Mimi nilisema njaa itakurudisha nyumbani, wewe ukasema, "Basi acha iniue huko huko," na majirani wakasikia vizuri kabisa. Hayo tuyaweke kando. Naandika kwa sababu ya mbwa wako.

Uliniachia mbwa mmoja ukaniambia amenenepa kidogo. Sasa ninao watano. Kifungo alizaa mwanzoni mwa mwezi uliopita ndani ya kabati la mama yako, juu ya mashuka, nikamwacha humo humo maana kila nilipomsogelea alinionyesha meno. Watoto ni wanne. Kila mmoja anaenea kwenye kiganja changu na nafasi inabaki. Nimetengeneza saa maisha yangu yote, vitu vidogo havinitishi, lakini saa ukiikosea haikulilii. Mmoja ni mnene, namwita Bonge. Mmoja mweusi, namwita Mweusi. Wa tatu halali wala halazi mtu, huyo ni Kelele. Wa nne ni mdogo mno na sijampa jina, sitaki kumzoea.

Sasa wameota meno kama ncha za sindano. Wakimnyonya mama yao anaruka, anakimbilia juu ya meza yangu ya kazi, anakaa katikati ya saa za watu huku anatetemeka. Amebaki mbavu. Watoto wanalia chini, yeye analia juu, na mimi katikati sijui nimshike nani. Mama yako angejua la kufanya, lakini ndiyo hivyo, mwaka unakaribia kwisha tangu tumzike.

Wewe ulifanya kazi kwa yule mama anayefuga mbwa wadogo. Niambie nifanyeje. Simu huko kwenu haishiki, kwa hiyo barua nimempa dereva wa lori la mabomba. Amesema hupanda mara moja kwa wiki na kushuka kesho yake.

Ni mimi,
Baba yako


Kambini
5 Aprili

Shikamoo Baba,

Hali yangu njema, wasiwasi ni juu yako. Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa juu ya gunia la unga kabla ya kuifungua. Nilidhani kuna msiba. Kisha nikasoma habari za Kifungo juu ya meza yako nikacheka mpaka mafundi mabomba wakaja jikoni kuuliza kulikoni. Sijacheka hivyo tangu nifike.

Sasa nisikilize vizuri. Kifungo amechoka, wala hajawachukia wanawe. Ni wakati wa kuanza kuwaachisha ziwa, ila polepole, Baba, polepole kuliko unavyofikiri. Hawa si mbwa wakubwa wa kulinda mageti. Tumbo la mtoto wa Kifungo si kubwa kuliko kidole gumba chako. Chukua kile chakula kikavu nilichokiacha juu ya kabati la vyombo, kiloweke kwa maji ya moto mpaka kilainike, kisage kwa uma kiwe rojo kama uji wa mtoto mchanga. Kiache kipoe mpaka kiwe vuguvugu. Tumia sahani bapa, bakuli wataanguka ndani. Maziwa ya ng'ombe usiwape kabisa, wataharisha.

Mtoe Kifungo nje kwa muda mfupi tu, ili waje sahanini wakiwa na hamu kidogo. Chovya kidole, waache walambe. Usiwasukume vichwa sahanini, chakula kitaingia puani na watakiogopa. Wakikataa, mrudishe mama yao wanyonye, kisha jaribu tena baadaye. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Anayetambaa mbali na wenzake mrudishe kwenye joto.

Na wewe unakula nini? Naona umeeleza anachokula kila kiumbe mle ndani isipokuwa wewe. Kupika hujui, na mama hayupo. Mkate na chai si chakula. Nijibu hilo.

Yule mdogo mpe jina.

Mwanao akupendaye


Nyumbani
9 Aprili

Binti yangu,

Salamu nyingi. Natumaini baridi ya huko haijakutia mafua. Mimi sijambo.

Mashauri yako nimeyafuata yote, na matokeo yake ni haya. Bonge aliingia sahanini kwa miguu minne akalala. Mweusi alipiga chafya juu ya rojo mpaka miwani yangu ikajaa. Yule asiye na jina alilamba kidole changu, akakunja uso kama mtu aliyedanganywa, akaondoka. Na Kelele! Kelele alikaa mbali akanipigia makelele mwanzo mwisho, ungedhani mimi ndiye niliyemnyang'anya mama. Kila siku ni hivyo hivyo. Nikimrudisha Kifungo wanamvamia wote kwa pamoja, na chuchu zake sasa zina vidonda. Jana alijificha nyuma ya jiko hataki kutoka.

Leo asubuhi jirani, yule muuza mayai, alikuja kuchungulia. Akaniambia, "Mzee, unawadekeza hao. Kwa nini wale chakula wakati ziwa lipo? Funga ziwa, watakula hata kuta." Nikaona amesema neno. Mimi nililelewa hivyo na nimelea hivyo. Njaa ni mwalimu, haibembelezi mtu.

Kwa hiyo tangu asubuhi nimemfungia Kifungo kwenye chumba cha kazi. Sahani nimewawekea, rojo lipo, ni juu yao. Wamelia sana. Kelele amelia kuliko wote, lakini sasa naona ameanza kunyamaza, nadhani ameshika adabu. Simtoi mama yao mpaka kesho. Dereva anapiga honi barabarani, ngoja nimpelekee barua. Wiki ijayo nitakuandikia namna wanavyokula.

Umeuliza ninakula nini. Nakula.

Baba yako


Nyumbani
10 Aprili

Mwanangu,

Lori limeshaondoka. Najua barua hii utaipata wiki nyingine, lakini nisipoiandika sasa sijui nitafanya nini na mikono yangu.

Kelele amekufa.

Nilikwambia amenyamaza. Nilidhani amekubali kushindwa, nikajisifu moyoni, naapa nilijisifu. Nilipokwenda kuangalia sahani alikuwa amelala ubavu, amelegea kama kitambaa, fizi nyeupe. Nikamwinua, kichwa kikaning'inia. Nikampeleka mbio kwa mama yake, nikamweka kwenye ziwa, nikamfungua mdomo kwa kidole. Kifungo akamlamba kutoka kichwani mpaka mkiani, akamlamba tena, akamgeuza kwa pua. Hakunyonya. Alitetemeka mara moja mikononi mwangu, basi.

Rojo lilikuwa pale pale, limekauka juu, halikuguswa. Hawakuwa wakaidi. Walikuwa hawajui kwamba kile ni chakula.

Waliobaki nimewarudishia mama yao. Yule mdogo anayumba. Njoo, mwanangu. Najua huwezi, najua lori limeondoka, lakini naandika tu. Njoo.

Baba


Kambini
12 Aprili

Baba, shikamoo,

Utanisamehe kwa kutokukujulia hali. Lori limechelewa kupanda, limefika leo mchana, na barua yako ni ya tarehe tisa. Naisoma nikiwa nimesimama na mwiko mkononi. Baba, mfungulie. Mfungulie Kifungo! Najua unasoma hili baada ya siku nyingi na ninayekupigia kelele ni mtu ambaye hawezi kusikika, lakini siwezi kuandika kwa utulivu.

Mbwa wadogo namna hii hawana akiba mwilini. Mbwa mkubwa atakosa chakula asubuhi akala jioni. Hawa wakikosa, sukari ya damu inakwisha na wanalegea ghafla. Akinyamaza yule mpiga kelele usifurahi, Baba. Kimya ndicho kibaya. Ukimwona yeyote anayumba, au fizi zimepauka, au anakutazama kama hakuoni, chukua asali, kama hakuna asali chukua sukari na maji ya moto kidogo, mpake kwenye fizi kwa kidole. Usimmiminie kooni, atakabwa. Paka tu, subiri, paka tena. Mweke kifuani kwako ndani ya shati apate joto. Akiamka, ndipo anyonye au alambe.

Namwomba dereva asilale huku leo, ashuke moja kwa moja. Amesema barabara ni mbaya ila atajaribu. Nimemfungia chakula cha njiani ili asipate kisingizio.

Ninawapikia watu kambi nzima, wanashiba na kubakiza, na nyumbani kwetu viumbe wanakufa njaa. Nimeshindwa kula leo.

Mwanao


Nyumbani
16 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Dereva aligonga mlango akiwa na tope mpaka magotini akanipa barua yako mkononi. Barua yangu ya tarehe kumi ninaituma pamoja na hii. Isome hiyo kwanza, kisha rudi hapa. Sina nguvu ya kuyaandika tena.

Ile asali imeokoa mmoja. Nilipokuwa nasoma barua yako yule mdogo alikuwa chini ya meza anatembea upande upande kama mlevi. Nilitupa barua. Nikampaka asali, nikamtia ndani ya shati, nikakaa. Nilikaa hapo nikimsemesha maneno ambayo sijawahi kumsemesha mtu, hata mama yako alipokuwa hai sikumsemesha, na hilo linaniuma. Baadaye nikasikia kitu kinanisugua kifua. Alikuwa anatafuta ziwa. Juu ya kifua changu mimi! Nimempa jina. Anaitwa Bado, kwa sababu bado yupo.

Lakini mambo hayajakaa sawa, yameharibika zaidi. Juzi Kifungo alianza kutetemeka, si ule mtetemeko wa woga. Miguu ilikakamaa, akaanguka ubavu, anahema ulimi nje, macho yamemtoka. Muuza mayai alimbeba mwenyewe ndani ya kapu lake tukakimbia naye kwa daktari wa mifugo. Mguu wangu huu nilisahau kama unauma. Daktari akamchoma sindano polepole kwenye mshipa, akasema madini ya mifupa yamekwisha mwilini, yote yamekwenda kwenye maziwa. Akasema maneno haya: "Mzee, hawa watoto wasinyonye tena hata tone. Wakinyonya, mama anakufa."

Kwa hiyo ziwa limefungwa kweli sasa, na safari hii si kwa ubishi wangu. Nimebaki na sahani. Bonge analamba kidogo nikimwekea kidoleni. Mweusi analamba na kutema. Bado halambi kitu isipokuwa asali. Nasaga, napasha moto, napoza, nachovya kidole, nabembeleza, nafuta, naanza upya. Saa za watu zimelala mezani, wenyewe wakija nawafukuza. Kifungo yuko upande wa pili wa mlango anakwaruza mbao, wao upande huu wanakwaruza, na mimi nimeegemea mlango huo huo.

Ongeza mashauri. Niandikie kila unachokijua.

Baba yako


Kambini
19 Aprili

Shikamoo Baba yangu,

Pole. Pole kwa Kelele, pole kwa yote. Nimeisoma ile ya tarehe kumi nikajifungia stoo. Sikulaumu, na nakuomba na wewe usijilaumu mbele ya wale watatu, maana wanakuhitaji ukiwa na akili zako.

Mashauri ni haya. Chemsha nyama isiyo na mafuta, isage iwe laini kabisa, changanya kijiko kimoja kwenye rojo. Harufu ndiyo itakayowavuta. Yule mama mfugaji alikuwa anafanya kitu kimoja ambacho kila mtu alikicheka. Alikuwa anakaa sakafuni nao, anaweka sahani yake na sahani yao pamoja, na yeye anakula. Anakula kweli, anatafuna, wanamwona. Alisema mtoto hujifunza kula kwa kumwona anayemwamini akila. Kaa chini, Baba, ule nao.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye neno langu. Nilimuuliza dereva unaonekanaje. Alijifanya hakusikia. Nikamnyima chai mpaka akasema. Amesema suruali umeifunga kwa kamba. Amesema ulipompokea barua ulishika mlango kwanza usianguke. Amesema alichungulia ndani akaona sufuria ya rojo jikoni, akadhani umepika, kumbe ni la mbwa, na chakula chako hakikuwepo.

Baba, unakula nini? Nakuuliza kwa mara ya pili. Naomba jibu la chakula, si jibu la "nakula".

Nimeomba ruhusa nije. Msimamizi amesema hakuna wa kushika jiko mpaka apatikane mpishi mwingine, na mvua ikiendelea hivi hakuna atakayepanda. Nitamwomba tena kesho, na kesho kutwa.

Mwanao anayekuwaza


Nyumbani
23 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Mvua haikatiki. Dereva ana haraka, anasema huenda hii ikawa safari ya mwisho kabla barabara haijafungwa.

Bonge anakula. Nakwambia anakula, anasukuma sahani kwa pua mpaka ukutani. Mweusi anamwiga Bonge. Nyama imefanya kazi. Bado analamba kidole tu, nikikiondoa analala. Kidole changu kimechubuka kwa meno yake na simnyimi.

Kuhusu tumbo langu usiniulize tena. Umeniuliza mara mbili, basi nakujibu mara moja. Nilikaa sakafuni kama ulivyosema, na sahani mbili. Nikatia chakula mdomoni. Kikakaa. Nikatafuna, nikatafuna, hakikushuka. Si kwamba hakuna chakula. Muuza mayai ananiletea mayai, analeta hata mboga, namshukuru, akiondoka nawapa wao. Mama yako alinipikia tangu nilipokuwa kijana sina hata ndevu. Sikuwahi kumwambia kimetosha au kimepungua chumvi, nilikuwa nakula tu huku naangalia saa ya mtu. Sasa nikiona sahani mbele yangu naona mkono wake haupo. Chakula kinakuwa udongo. Sikatai kwa makusudi, mwanangu. Siwezi.

Haya, nimesema. Usimsomee mtu barua hii.

Mwandiko umekuwa mbaya kwa sababu ya mkono kutetemeka. Ni baridi tu.

Baba


Kambini
27 Aprili

Shikamoo Baba,

Dereva alinipa barua yako ya tarehe ishirini na tatu akashuka saa ile ile kuiwahi mvua, na tangu hapo lori halijapanda tena. Barua hiyo naisoma na kuikunja na kuisoma. Kipande cha mlima kimeporomoka juu ya barabara, na mafundi wanasema matope yamefika usawa wa paa la gari. Naandika hii bila kujua itashuka lini.

Si baridi. Mimi nimeona baridi na nimeona mikono ya watu wa baridi. Huo ni mkono wa mtu asiyekula. Tafadhali chukua asali ile ile, Baba, koroga kwenye maji ya moto, kunywa. Usiniambie haishuki, maji yanashuka. Nakuomba kama unavyowaomba wao. Mwite muuza mayai akae nawe. Usikae peke yako na mlango umefungwa.

Nilikuwa na hasira na wewe miezi hii yote. Nilidhani ulinikataza kuja huku ili nibaki nikupikie. Nilisema moyoni, mwache ajue maana ya jiko. Kumbe ulikuwa unaogopa kubaki mezani peke yako na hukuweza kulisema. Kwa nini hukulisema? Kwa nini mimi sikuliona?

Mwanao


Kambini
30 Aprili

Baba,

Hujambo? Niambie tu hujambo.

Hakuna lori, hakuna dereva, hakuna barua. Leo nimemimina chumvi kwenye sufuria mara mbili, na watu wamekula kimya kimya, hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo lililonitisha. Watu wakianza kukuhurumia ujue hali yako inaonekana.

Msimamizi nimemwachia mwiko mezani. Nikamwambia apike mwenyewe. Kesho kukipambazuka nashuka kwa miguu na mafundi wawili wanaokwenda kukagua mabomba ya chini. Barua hizi mbili nitakuja nazo. Nisubiri. Usifanye kitu chochote, nisubiri tu.

Mwanao


Hospitali, benchi la nje ya wodi ya wanaume
4 Mei

Baba yangu, shikamoo,

Muuguzi amenizuia mlangoni. Anasema umewaambia hutaki mgeni yeyote, na ukisikia ni mimi ndiyo hutaki zaidi, hutaki nikuone ulivyo. Ni sawa. Nitakaa hapa kwenye benchi na nitakuandikia, maana barua zangu hukuwahi kuzikataa.

Nilifika nyumbani jana nikakuta mlango wazi na muuza mayai anafagia. Alilia kabla sijamuuliza. Ameniambia alikukuta sakafuni jikoni, huna fahamu, na sahani mbili kando yako, moja imelambwa ikang'aa na nyingine imejaa. Amesema watoto wote watatu walikuwa wamejikunja kwenye tumbo lako, na ulikuwa bado una joto kwa sababu yao. Hataki nikwambie kwamba anajilaumu kwa yale maneno ya kufunga ziwa, kwa hiyo usimwambie nimekwambia.

Sasa sikiliza habari za nyumbani. Wote watatu wazima. Bonge amekuwa mpira. Mweusi ananguruma mtu akipita karibu na sahani, na sauti yenyewe kama bawaba kavu. Bado anakula, Baba. Nilikaa sakafuni na kipande cha mkate, nikaweka na sahani yao. Alikuja akanusa mkono wangu, akaona si wako, akanitazama kwa dharau kabisa. Kisha akaingiza mdomo sahanini akala peke yake mpaka masikio yakalowa. Sijui aliyajulia wapi hayo kama si kwako. Kifungo ametoka nje kulala juani. Wanawe wanampita na yeye hakimbii tena, maziwa yamekauka, vidonda vimefunga. Kazi uliimaliza. Watoto wameacha ziwa.

Nilifungua kabati la vyombo. Humo hamkuwa na chakula cha mtu. Nilikaa kwenye kiti chako cha kazi nikalia mpaka nikachoka.

Muuguzi ananiambia unageuza uso ukutani wakileta sahani. Amesema jana walitaka kukulisha kwa nguvu ukafunga meno. Amesema hivi, kwa sauti ya chini, na mimi nakuandikia kwa sababu hujawahi kupenda kufichwa: "Dada, dripu haiwezi kumshikilia mtu asiyetaka. Tunampoteza." Baba, nimemzika mama. Sina nguvu ya kukuzika na wewe, sina kabisa, na sitajifanya ninayo.

Mtoto wa mbwa akikataa sahani, anamtafuta mama yake. Nilikuandikia mashauri ya kila namna juu ya mbwa na sikujua nilikuwa naeleza habari zako. Mama hatarudi jikoni. Nakwambia wazi hivyo hivyo kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukwambia, tulizika tukatawanyika, kila mtu na njia yake. Hatarudi. Nimebaki mimi, na napika tofauti na yeye, na utapata shida kuzoea.

Sitakusukuma kichwa sahanini. Nimewaomba wasikulishe kwa nguvu tena. Nimemwachia muuguzi bakuli la uji, mwepesi, vuguvugu, nimeonja mwenyewe. Nina bakuli jingine hapa kwenye benchi na ninakula. Mlango nimeuacha wazi kidogo, ukigeuza uso kutoka ukutani utaniona ninakula. Ukitaka chovya kidole tu. Ukikataa nitapika tena mchana, na jioni, na kesho asubuhi. Sina lori la kuwahi.

Nakungoja hapa.

Mwanao


Wodini
4 Mei, jioni

Binti yangu,

Umeacha mlango wazi baridi inaingia.

Huo uji ni wa watoto wa mbwa. Nimeumaliza, lakini ni wa watoto wa mbwa. Mimi nina meno. Kalete chakula, na ukae huku ndani tule.

Baba yako